Kila "Tuli-" Moja, Alama Moja Chini

Mnaoanza nami leo, sogeeni. Mlio nami tangu mwanzo, nivumilieni mistari michache.

Mimi ni fundi lifti mstaafu. Miaka thelathini na moja nimepandisha na kushusha watu wenye vyeti, na shule yangu ilikuwa kuwasikiliza wakijisemea humo ndani. Wiki iliyopita niliwaacha pale mkufunzi mmoja, bwana mwenye viatu vya ncha kama penseli, aliponikuta mbele ya duka la vipuri nikiwachekesha watu, akanipa kazi ambayo sikujua kama ipo duniani: kujifanya mwombaji wa kazi.

Si kuomba. Kujifanya. Yeye huwafundisha maofisa wa rasilimali watu namna ya kufanya usaili. Na kama wanafunzi wa uuguzi wanavyohitaji mkono wa kuchoma sindano za majaribio, hawa nao walihitaji mtu wa kumwuliza maswali ya ovyo. Mkono wenyewe ndio mimi.

Nyumbani nilidanganya. Nilimwambia mke wangu nimepata lifti mbovu kwenye jengo la ghorofa kumi na saba.

"Inachukua wiki mbili?" akauliza.

"Mama watoto, ile lifti ina kiburi."

Akaniacha. Ananijua.

Kiwanda chenyewe ni cha magodoro, na idara ile yote ilikuwa imelalia bidhaa. Mkuu wa idara alikuwa mama mmoja mwenye fomu ya kila kitu chini ya jua, mpaka nikambatiza Mama Fomu. Msaidizi wake nilimwita Bwana Ndiyo, kwa sababu hajawahi kufungua mdomo bila kutanguliza neno hilo.

Jumatatu mkufunzi akaniambia, "Mzee, leo wewe ni kijana wa miaka ishirini na minane. Unaomba kazi ya mauzo."

Nina miaka sitini na saba. Masharubu yangu ni meupe pe. Nikaingia.

"Karibu, kijana," akasema Mama Fomu, macho kwenye fomu. "Udhaifu wako ni nini?"

"Nafanya kazi kupita kiasi."

"Ndiyo, safi sana," akasema Bwana Ndiyo, akaandika.

"Baada ya miaka mitano unajiona wapi?"

"Kaburini, au hapo ulipokaa wewe."

"Ndiyo, ana malengo."

Nikaona hapa uwanja ni wangu. Nikawaambia jinsi nilivyouza magodoro mia nne kwa siku moja kwa jeshi lililokuwa njiani kwenda vitani, na vita vikaahirishwa kwa sababu askari hawakuamka. Mama Fomu akaniuliza kama nina leseni ya udereva.

Wakanipa alama tisini na mbili.

Jumanne nikawa mpishi mkuu, tisini na nne. Jumatano asubuhi nikawa mwanasheria, tisini na nane, na Bwana Ndiyo akanivuta pembeni kuniomba ushauri wa kesi yake ya kiwanja.

Hapo mkufunzi akalipuka.

"Mmemwajiri mzee mmoja mara tatu! Kwa kazi tatu! Hakuna hata mmoja wenu aliyemwuliza, ulifanyaje? Nani alikuwepo? Ulianzia wapi? Mtu haulizwi anavyojiona, anaulizwa alichofanya. Akishajibu, mchimbe. Akijibu tena, mchimbe tena!"

Maneno ya maana, sikatai. Ndiyo pekee niliyoyasikia kwake siku zote zile.

Mama Fomu alikuwa amekunja uso. "Sawa. Lakini mwongo tutamjuaje? Hana chapa usoni."

Ilikuwa saa ya chai. Mtu mwenye akili angechovya biskuti yake akanyamaza.

"Mimi nawajua," nikasema.

Wote wakageuka. Nakiri mbele yenu: napenda watu wakigeuka.

"Kuna mwaka," nikaanza, "alipanda lifti yangu bwana mmoja akienda kwenye usaili ghorofa ya tisa. Njia nzima anajikaririsha: tulijenga daraja, tulichimba nguzo, tulimwaga zege. Lifti ikakwama. Tukakaa humo kutwa nzima, mimi na yeye. Nikamwuliza, ndugu yangu, toa wenzako wote, wewe binafsi ulifanya nini? Akaangua kilio. Kazi yake kwenye lile daraja ilikuwa kumshikia injinia mwavuli."

"Lo!" akasema Mama Fomu.

"Tangu siku hiyo nikawa nahesabu. Aliyetenda husema nilifanya. Aliyetazama husema tulifanya. Anajificha kwenye kundi."

Hakuna bwana huyo. Hakuna daraja. Mwavuli niliuona umeegemezwa mlangoni wakati nikisema.

Mkufunzi akaweka kikombe chini polepole, kama mtu aliyeona noti barabarani. Akaenda ubaoni akaandika kwa herufi kubwa: NILI- NI MTENDAJI. TULI- NI MTAZAMAJI.

"Utafiti wa miaka thelathini na moja," akasema. "Kila 'tuli-' moja, alama moja chini."

"Na 'tuka-' je?" Mama Fomu akauliza, kalamu tayari.

"Nayo imo. Ni mtoto wa 'tuli-'."

"Ndiyo, na 'tume-'?"

"Wekeni ukoo mzima!"

Kabla ya saa kumi jioni fomu mpya ilikuwa imechapwa, ina safu ya kuchora vijiti, kijiti kimoja kwa kila "tu-". Nami nikasainishwa karatasi yangu: sitatoa siri za mafunzo, na sina ndugu wala jamaa kati ya waombaji wa kiwanda. Akigundulika jamaa, anaondolewa papo hapo, na haombi tena kwa miaka miwili.

Nikasaini huku nacheka. Jamaa zangu na magodoro wapi na wapi?

Nikarudi nyumbani kifua mbele. Sijavua viatu, kitindamimba wangu huyu hapa, amenirukia.

"Baba! Wameniita!"

"Nani?"

"Kiwanda cha magodoro! Msimamizi wa ubora. Ijumaa hii!"

Nikakaa chini. Kiti nilikikosa kidogo.

Huyu binti, mwaka wa nne sasa yuko nyumbani, tangu kiwanda cha viatu alikokuwa akikagua ubora kifungwe. Barua alizotuma zingetosha kujaza godoro moja. Jibu alilopata ni hili, moja tu. Mama yake alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Haya, nijaribu, Baba," akasema, akakaa kitako mbele yangu, mikono magotini. "Niulize tatizo nililowahi kulitatua."

Nikamwuliza. Na wasomaji wangu, akajibu vizuri kupita wote niliowahi kuwasikia ndani ya lifti.

"Soli zilikuwa zinabanduka na hakuna aliyejua kwa nini. Tukafuatilia gundi tangu stoo. Tukagundua inawekwa kwenye chumba kilichopakana na boila, inapikwa na joto. Tukaihamisha. Tukapima upya soli mia mbili, tukasimamisha mstari mmoja, tukaandika..."

Vidole vyangu vilikuwa vinahesabu chini ya meza vyenyewe. Sita. Jibu moja, alama sita, na bado hajamaliza.

"Subiri," nikasema. "Nani aligundua?"

"Si tulikuwa..."

"Nani, mwanangu? Mtaje."

"Mimi."

"Nani aliihamisha?"

"Mimi. Dada wa usafi alinisaidia kufungua mlango. Ule wa boila ulikuwa haufunguki mpaka uusukume na bega."

"Na msimamizi wako?"

"Likizo."

"Sasa hiyo 'tu' ni ya nani? Wewe na mlango?"

Akacheka. "Baba, si wewe mwenyewe uliyetufundisha? Mtoto akisema mimi, mimi, ulikuwa unauliza mbu anayelia hivyo yuko wapi."

"Kweli kabisa," mama yake akadakia. "Kaka yako alikuwa anasema 'tunaomba maji' naye yuko peke yake jikoni."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nasikia vijiti vikichorwa.

"Sahau mbu," nikasema. "Ijumaa sema nili. Niligundua. Nilihamisha. Sema!"

"Niligundua... Baba, najisikia kama nimepanda juu ya meza ya watu."

"Panda!"

"Kwani umejuaje wanataka hivyo?"

"Nimesikia kwenye lifti."

Mke wangu akanitazama sana. Macho hayo ndiyo hatari yake.

Alhamisi nilimvizia mkufunzi kabla hajaingia darasani.

"Bwana mkubwa, ile kanuni niliitunga. Hakuna mtu wa mwavuli."

Akanishika bega. "Mzee, unyenyekevu wako ndio unaonivutia."

"Si unyenyekevu. Ni uongo!"

"Imeshaingia kwenye kitabu changu cha mafunzo, sura ya nne. Nimeiita Kanuni ya Nafsi ya Kwanza."

"Umetaja imetoka kwa nani?"

"Kwangu, bila shaka. Wewe si umesaini usiri?" Akatazama saa yake. "Kampuni mbili zimeshaniita kwa ajili ya hiyo tu. Nikiifuta leo watasema mafunzo yangu ni upuuzi."

"Kwani siyo?"

Hakunisikia. Watu wa namna ile masikio yao ni ya kutundikia miwani. "Kesho njoo mapema," akasema. "Usaili ni wa kweli. Utakaa na jopo. Wewe ndiye sikio letu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema: mwanangu yumo. Maneno mawili tu. Lakini nikaiona ile miaka miwili, nikamwona binti akinyoosha sketi ileile kwa pasi kila Jumapili, akiitundika, akiishusha. Nikanyamaza kwa ajili yake.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli wa pembeni, ambao naumwaga leo, ni kwamba lile neno "sikio letu" lilinikaa vizuri.

Ijumaa. Meza ndefu, jagi la maji, Mama Fomu katikati, Bwana Ndiyo na safu yake ya vijiti, mkufunzi pembeni, mimi mwisho kabisa kama pambo.

Akaingia wa kwanza, bwana mmoja aliyetanguliwa na manukato yake.

"Niliongoza," akasema. "Niliamua. Nilibadilisha. Nilishinda."

"Na timu yako?" Mama Fomu akauliza.

"Niliibeba."

Ukimsikiliza utadhani alijizaa mwenyewe. Bwana Ndiyo hakuchora hata kijiti. Alama tisini na saba.

"Ndiyo, mtendaji huyo," akanong'ona.

Akaitwa wa pili. Akaingia kitindamimba wangu.

Akaniona. Mguu wake mmoja ukasita juu ya kizingiti, kama mtu aliyefungua mlango wa lifti akakuta hakuna lifti. Kisha akatembea, akasalimia, akakaa, mikono magotini.

"Tueleze tatizo moja la ubora ulilolitatua," akasema Mama Fomu.

"Niligundua gundi ya viatu inaharibiwa na joto. Niliifuatilia tangu stoo. Niliihamisha."

Nikapumua. Safu ya Bwana Ndiyo ilikuwa nyeupe kama godoro jipya.

Mama Fomu akaegemea mbele. Sikumtegemea, mama huyu, lakini lazima niseme: lile somo la kuchimba lilikuwa limemwingia.

"Ulijuaje ni joto? Nani mwingine alikuwepo?"

"Dada wa usafi. Yeye ndiye aliyeniambia kwanza kwamba ukuta wa stoo huwa wa moto siku za Jumamosi, kwa sababu boila huwashwa mapema. Mimi nilikuwa nakagua mashine, nilikuwa mbali kabisa na jibu. Bila yeye..."

Akanitazama, kitambo tu.

"Samahani," akasema. "Nimeanza vibaya. Naomba nirudie. Tuligundua."

Kijiti.

"Tulifungua chumba. Tukaihamisha gundi, mitungi ishirini na sita."

Kijiti, kijiti.

"Tukapima soli mia mbili, tukakuta thelathini na nane zimebanduka, tukasimamisha mstari wa pili, tukamwandikia meneja..."

Kalamu ya Bwana Ndiyo ilikuwa inakimbia kama cherehani. Safu ikajaa, akageuza karatasi. Nikatamani kumnyang'anya ile kalamu niimeze.

Mwanangu akamaliza. Bwana Ndiyo akajumlisha, akamsogezea mkuu wake. Nilisoma kutoka nilipokaa, macho yangu bado mazima: sitini na moja. Ya kupita ni sabini.

Mama Fomu akaitazama ile namba muda mrefu.

"Ajabu," akasema. "Huyu kila nikimchimba nakuta kitu. Mitungi, siku, ukuta. Yule bwana wa kwanza nilichimba nikakuta manukato. Lakini fomu inasema huyu ni mtazamaji."

"Basi ni mtazamaji," akasema mkufunzi. "Kanuni haikosei."

"Ndiyo..." Bwana Ndiyo akaanza, akakwama. "Ndiyo, lakini..."

Wote tukamgeukia. Nadhani yeye mwenyewe alishtuka.

Walikuwa wakijadili yote haya mbele ya mwanangu, amekaa pale kama kiti. Kutofanya hivyo lilikuwa somo la Jumanne.

Mama Fomu akanigeukia mimi. "Mzee, umesikiliza waongo miaka thelathini na moja. Huyu anasema kweli, au anajificha?"

"Anasema kweli," nikasema. "Na ile kanuni ni takataka."

Mkufunzi akapaliwa na maji.

"Umejuaje anasema kweli?" akauliza Mama Fomu.

"Masikio."

"Masikio yalisikia nini?"

"Yalisikia... mtu aliyekuwepo. Mtu asiyekuwepo hawezi kueleza vile. Ile shida yote, joto, ule mlango wa boila usiofunguka mpaka uusukume na bega..."

Mama Fomu akainua kidole. "Hilo la bega hakulisema."

Bwana Ndiyo akapekua karatasi zake, mbele na nyuma. "Ndiyo. Hakulisema."

Siku tano nimewalisha majeshi yasiyoamka, madaraja na miavuli, wakatafuna, wakameza, wakaniongezea alama. Leo nimesema neno moja la kweli, nimenaswa.

"Mzee," akasema Mama Fomu, taratibu, kwa maneno yaleyale tuliyofundishwa sote, "ulilisikia wapi? Lini? Nani alikuwepo?"

Nikafungua mdomo. "Kuna mwaka," nikaanza, "alipanda lifti yangu dada mmoja wa usafi..."

"Baba, basi," akasema binti yangu.

Mkufunzi akasukuma jagi la maji pembeni.

Yeye ndiye aliyewahi. Akacheka, meno yote nje. "Mnaona malezi mazuri hayo? Kila mtu mzima kwake ni baba! Haya, tuendelee, anayefuata..."

Mama Fomu hakucheka. Alikuwa ameivuta fomu karibu, kidole kimeshuka mpaka mstari wa mwisho kabisa, pale palipoandikwa Uhusiano. Akauliza bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza njia.

"Binti. Hiyo 'baba' ni ya heshima, au ni baba aliyekuzaa?"

Nilikuwa na majibu saba, yote mazuri. Lakini hakuniuliza mimi.

Mwanangu akaitoa mikono magotini, akaiweka juu ya meza, akamtazama Mama Fomu usoni. Namjua huyu mtoto: uongo hakuurithi kwangu, hata kama kweli inagharimu miaka miwili.

Nikafumba macho.